Upepo wa Mvua Njia ya Kakola

Mdogo wangu anaendesha boza la maji. Kazi yake kutwa nzima ni kulaza vumbi kwenye barabara inayotengenezwa kati ya Kahama na Kakola, upande wa mgodi wa Bulyanhulu, na kwa muda wote aliokaa huko alinisihi nisimtembelee mwezi wa tisa wala wa kumi. "Njoo Februari, dada, nchi ikiwa imevaa." Likizo yangu ikaangukia Oktoba. Nikaondoka Tanga hivyo hivyo, na sasa nashukuru, maana Februari nisingeona nilichokwenda kukiona.

Sisi wa pwani tunaujua upepo kwa majira yake. Kaskazi ina miezi yake, kusi ina miezi yake, na zote mbili hutufikia zikitoka baharini na unyevu wake. Upepo unaoshuka kutoka mawinguni, ukagonga ardhi, ukatambaa mbele ya mvua ukibeba udongo wa mashamba ya watu, huo nilikuwa nimeusoma tu. Nilijua kwamba Khartoum hupigwa nao mara nyingi kila mwaka, wenyewe wakauita habubu. Nilijua pia kwamba tarehe 5 Julai 2011 ukuta wa vumbi wenye kimo cha karibu kilomita moja na nusu na upana wa karibu kilomita 160 uliufunika mji wa Phoenix, Marekani, jioni. Kwamba Usukumani nako upo, tena una watu wanaoupangia ratiba zao, hilo sikulikuta kitabuni.

Nililala Morogoro kwa shangazi, alfajiri nikapanda basi la Kahama. Dodoma ilipita nikisinzia. Baada ya Singida barabara inateremka mlima Sekenke na kuingia mbuga ya Wembere, na hapo usingizi uliniisha. Nchi ilikuwa tupu mpaka upeo wa macho, nyasi zimeliwa hadi mzizi, na juu yake zilikuwa zikitembea nguzo nyembamba za vumbi zinazozunguka, moja huku, nyingine kule, anga likiwa jeupe bila wingu. Nikamuuliza mzee wa kiti cha pili, mwenyeji wa Nzega, kama hizo ndizo dhoruba za vumbi zinazosemwa.

"Hizo ni chamchela tu, mwanangu. Zinazaliwa na jua, zinakufa palepale. Ile kubwa inazaliwa na wingu."

Mzee alisema kweli, na sijakuta maelezo mafupi zaidi ya hayo. Chamchela ni hewa iliyopashwa moto na ardhi, inapanda huku ikizunguka, na baada ya dakika chache imekwisha. Ile nyingine safari yake ni kinyume: ni hewa baridi inayoanguka.

Tulipofika Isaka giza lilikuwa limeingia. Mzee akaonyesha nje, ingawa hakukuwa na cha kuonekana, akanisimulia habari ya Mwakata. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015 mvua ya mawe na upepo vilikishukia kijiji hicho cha wilaya ya Kahama, vikabomoa nyumba za udongo juu ya watu waliolala. Waliokufa walikuwa zaidi ya 40. Rais Kikwete alikwenda kuwapa pole. Mzee alikuwa na ndugu wa ukoo huko, na alisimulia kwa sauti ya chini, akiruka mengine. Nilikuwa nimekuja na habari za vumbi kichwani. Yeye akanikumbusha kwamba wingu linalotimua vumbi Oktoba ndilo hilo hilo linaloweza kuua Machi, wakati nchi imelowa na hakuna hata chembe ya vumbi ya kumtahadharisha mtu.

Kahama niliiona asubuhi: malori ya Rwanda na Burundi, magunia ya mchele, mafundi wa kila aina. Noah ya Kakola haiondoki mpaka ijae, nayo ilijaa baada ya adhuhuri. Niliwekwa dirishani nyuma ya dereva, mfuko wa mikate ya mdogo wangu magotini, na konda akafunga mlango kwa teke.

Barabara ilikuwa nusu ya changarawe, nusu ya kazi inayoendelea, magreda yamesimama kandokando. Kila lori tulilopishana nalo lilituachia vumbi mdomoni. Mashamba ya pamba yalikuwa yameshang'olewa mabua na kuchomwa moto, yakisubiri mvua. Pamba huku hupandwa kuanzia katikati ya Novemba. Kati ya shamba na shamba palibaki visiki, na kando ya barabara magunia ya mkaa na magogo yaliyokatwa kwa urefu mmoja. Yale magogo niliyauliza. Ni matimba, wakaniambia, ya kuzuia kuta za maduara ya wachimbaji wadogo zisiporomoke.

Dereva ndiye aliyeona kwanza. Tulikuwa tumepita Segese, joto limebana. Akapunguza mwendo, akainama juu ya usukani kutazama kaskazini mashariki, upande wa Nyang'hwale. Huko wingu lilikuwa limesimama tangu tulipotoka Kahama: jeupe, kilele chake kimetanuka na kuwa bapa, tumbo lake la kijivu kilichokoza. Chini ya tumbo hilo mvua ilikuwa inaning'inia, nyuzi nyuzi zinazoonekana kabisa, zikishuka na kukatika angani kabla ya kufika chini. Na mbele ya mvua hiyo, pale ardhi inapokutana na mbingu, palikuwa na mstari wa rangi ya tofali la kuchoma.

"Upepo wa mvua huo," konda akasema. "Unatukuta kabla ya Bugarama."

Hakuna aliyebishana naye. Dereva alikwenda hadi senta ndogo iliyokuwa mbele, akaiacha barabara kabisa, akaegesha nyuma ya ghala la kununulia pamba, akazima injini na taa. Gari la mizigo lililokuwa nyuma yetu likafuata. Pikipiki nazo zikaingia chini ya vibaraza. Nilivutiwa na jinsi jambo hilo lilivyofanyika bila makelele, kila mtu akijua pa kwenda.

Nikashuka. Mama mmoja wa makamo alikuwa ameanika michembe kwenye turubai kubwa kando ya duka, vipande vyeupe vya viazi vilivyokatwa vyembamba, karibu vimekauka. "Mwadila, mayu," nikamwamkia kama nilivyofundishwa. Hakuitikia; alinisukumia ncha ya turubai. "Shika huku, mwanangu, kunja, usimwage." Tukakunja pamoja, tukaburuta hadi ndani ya baraza, na hapo ndipo aliponiitikia salamu yangu na kuniuliza nimetoka wapi.

Mstari ule ulikuwa sasa umepata kimo. Chini ulikuwa mweusi mweusi, juu ukiishia kwa vichwa vya mviringo vinavyofumuka na kujikunja, vikiporomokea mbele halafu vinapandwa na vingine. Jua likageuka rangi ya chungwa, likafifia. Mwewe walikuja mbele yake, wamepeperushwa juu, wakizunguka bila kupiga mbawa. Mbuzi wakajibana ukutani. Kwa muda hewa ilitulia kabisa, bendera ya chama juu ya duka ikalala kwenye mlingoti wake.

Ubaridi ndio ulionigusa kwanza. Katika alasiri ile ya jasho ulipita usoni pumzi ya hewa baridi yenye harufu ya udongo uliolowa, na kabla sijageuka kumwambia mama neno, mabati yote ya senta yakaanza kupiga. Vumbi likaingia. Mwembe uliokuwa hatua chache mbele ya baraza ukatoweka. Nilivuta khanga puani na kufumba macho, na bado nilisikia chembe zikigonga mikono yangu, na zile laini zaidi nikazitafuna. Mama alikuwa amekalia turubai lake. Mtoto fulani alilia dukani, kisha akanyamaza. Sauti iliyobaki ilikuwa ya mabati, na ndoo tupu iliyokuwa ikibingirika uwanjani kwenda na kurudi.

Halafu matone. Yalikuwa makubwa na machache, tena ya matope: kila lililoanguka kwenye khanga yangu liliacha doa la kahawia, kwa sababu lilikuwa limepita katikati ya vumbi kuja chini. Tukasubiri yaongezeke. Hayakuongezeka. Mwanga ukarudi kidogo kidogo, ukiwa wa manjano, mwembe ukaonekana, umepoteza tawi. "Imeenda kwa wenzetu," mama akasema. Akafungua turubai, akachukua chembe moja ya mchembe, akaipuliza, akaing'ata, akaitema. Vumbi lilikuwa limepenya. Zote zingeoshwa na kuanikwa upya.

Nimeuliza na kusoma sana tangu siku hiyo, na kinachonishangaza ni kwamba ule upepo ulikuwa ni mvua yenyewe, ile iliyokatika angani. Maji ya mtungi hupoa kwa sababu yanayopenya nje ya udongo huwa mvuke, na kugeuka mvuke huchukua joto. Tone la mvua linaloanguka katika hewa kavu hufanya vivyo hivyo: linayeyukia njiani, linaipoza hewa inayolizunguka, na hewa iliyopoa ni nzito. Mamilioni ya matone yakifanya hivyo pamoja, hewa nyingi baridi inaporomoka kutoka kilomita kadhaa juu, inagonga ardhi, na kwa kuwa haina pa kwenda inasambaa pembeni kwa kasi inayoweza kufika kilomita 100 kwa saa. Ukingo wake wa mbele unajiingiza chini ya hewa ya moto na kuipandisha, na vumbi linapanda nayo. Ndiyo sababu vichwa vya ule ukuta vilikuwa vikijikunja.

Oktoba huku Usukumani mambo mawili yanakutana. Unyevu wa kwanza wa vuli umeshafika juu, kiasi cha kujenga wingu la radi, lakini hewa ya chini bado kavu, hivyo mvua nyingi hugeuka upepo kabla ya kufika kwa mkulima. Na ardhi iko uchi kuliko mwezi mwingine wowote. Ziwa Viktoria nalo lina sehemu yake. Mgodi wa Bulyanhulu uko kilomita 55 tu kusini mwake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo wa ziwa unaingia bara, unakutana na ule unaotoka kusini mashariki, na hewa inalazimika kupanda. Mawingu huota alasiri. Usiku yanahamia juu ya ziwa lenyewe, na ndiyo maana wavuvi wengi hukumbwa na dhoruba usiku wa manane na alfajiri, wakati mkulima wa huku amelala salama.

Nyuma ya ile senta palikuwa na makarasha mawili ya kusaga mawe ya dhahabu, na mbele kidogo maduara. Tulipokuwa tunasubiri abiria wote warudi garini nilikwenda kuona. Vijana walikuwa wamepandishwa na winchi mara tu mstari ulipoonekana, nao walikuwa wamekaa kwenye mifuko ya mawe, nyuso zao zote rangi moja. Wingu la radi kwao lina hatari nyingi: kamba na fremu ya winchi ndivyo virefu kuliko vyote pale uwanjani, na maji yakiingia duarani kuta hulainika. Ukanda huu unaifahamu radi. Januari 2025 iliwaua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, wilaya ya Bukombe, mkoa jirani wa Geita, wakiwa shuleni.

Na lipo vumbi la kila siku, ambalo halisubiri wingu. Jiwe la dhahabu la huku ni la kwazi, nalo likisagwa kavu linatoa unga wa silika laini kiasi kwamba pua haiuzuii. Unafika ndani kabisa ya mapafu na kuyafanya magumu, na mapafu yaliyofika hapo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Kijana aliyekuwa akilisha karasha alikuwa amefunga fulana puani. Nilimwambia habari ya kulowesha jiwe kabla ya kulisaga. "Maji tunanunua, dada," akanijibu, na sikuwa na la kumwambia. Bado nadhani halmashauri na wenye leseni wangeweza kuhesabu bei ya pipa la maji dhidi ya bei ya mapafu, na wangeona ipi ndogo.

Kakola tuliingia jioni. Mgodi unaonekana kwa taa zake na mnara wa kushushia watu na kupandishia mawe. Mengine yote yako chini, zaidi ya kilomita moja ardhini. Ulianza kuzalisha mwaka 2001, na tangu 2020 unasimamiwa na Twiga, kampuni ya ubia ambamo Serikali ina asilimia 16 na Barrick asilimia 84. Mji uliokua nje ya uzio ni wa mabati, gereji, baa, makanisa, misikiti na maghala. Mdogo wangu alinipokea kituoni, akanitazama juu hadi chini, akacheka: "Nilikwambia Februari." Boza lake lilikuwa limeegeshwa nyuma ya nyumba. Kazi ya siku nzima, alisema, ule upepo uliifuta kwa dakika kumi. Barabara aliyoilowesha ilikauka na kufunikwa upya na udongo wa mashambani.

Kauli hiyo ilinikaa. Vumbi la barabara anaweza kulilaza kwa boza. La mashambani linalazwa na nini?

Siku yake ya mapumziko alinipeleka kwa rafiki yake mfugaji, nje ya mji, nikaona ngitili. Ni kipande cha malisho kilichofungwa tangu mvua za masika, hakiingizwi ng'ombe mpaka kiangazi kikomae. Nje ya mpaka wake ardhi ilikuwa imekandamizwa na kwato, ukipiga teke inapanda. Ndani, nyasi kavu zilifika magotini, migunga imesimama, na nilipoinama kuchimba kwa kidole nilikuta majani yaliyooza na mizizi iliyoushika udongo. Upepo ulikuwa unavuma siku hiyo pia. Ndani ya ngitili ulitikisa nyasi, basi.

Shinyanga haikuumbwa tupu. Miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliwakusanya watu kufyeka pori ili kuwamaliza mbung'o, kazi iliyoongozwa na Charles Swynnerton, na ukataji uliendelea kwa miongo. Pamba ikachukua yake, mifugo ikachukua yake. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alizuru mkoa huu na kuuita jangwa la Tanzania, ingawa kwa mvua zake, za milimita 600 hadi 1,000 kwa mwaka, si jangwa kamwe. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norway. Walioufanikisha hawakutegemea mti mgeni kutoka mbali; waliwarudishia Wasukuma desturi yao wenyewe ya ngitili na kuiwekea sheria ndogo za vijiji. Hadi mradi ulipokwisha mwaka 2004 inakadiriwa zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa na uoto, katika vijiji zaidi ya 800. Sijui kazi nyingine ya uhifadhi nchini inayostahili kufundishwa mashuleni kuliko hiyo.

Dhahabu sasa inairudisha nyuma. Kila duara linakula matimba, kila mji mpya unakula mkaa, na ngitili iliyogunduliwa mwamba inageuzwa mashimo kabla kijiji hakijaitisha mkutano. Uchimbaji mdogo ni riziki ya watu wengi na siombi uzuiwe. Ninachoomba ni kwamba leseni inapotolewa, mahali pa kupata mbao pawe pameshapangwa, miti ya kupandwa iwe imeshahesabiwa, na ngitili za kijiji ziwe zimeandikwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi. Wingu la Oktoba litakuja kila mwaka na hewa yake baridi itaanguka; hilo liko nje ya uwezo wetu. Kama itaondoka na shamba la mtu, hilo limo ndani ya uwezo wetu.

Tahadhari nayo inawezekana. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina rada Kiseke, Mwanza, na rada ina uwezo wa kuuona ukingo wa upepo wa aina hii, kama mstari mwembamba unaotangulia mvua. Wavuvi wa ziwani wameanza kutumiwa utabiri wao maalumu. Wachimbaji wadogo, walimu na madereva wa Geita na Shinyanga wanastahili wa kwao, kwa redio na kwa simu, saa moja au nusu saa kabla. Konda wetu aliujua kwa macho, lakini si kila gari lina konda mwenyeji, na usiku macho hayasaidii.

Kwako wewe utakayepita njia hiyo kati ya Septemba na Novemba: safiri asubuhi. Kama alasiri itakukuta njiani na ukaona mstari wa kahawia chini ya wingu, usishindane nao. Toka barabarani kabisa, si kwenye bega la barabara, uzime injini na taa, uondoe mguu kwenye breki, ili gari linalokuja nyuma lisifuate taa zako likidhani uko mwendoni. Usiegeshe chini ya mti. Funika pua ya mtoto kwa kitambaa kilicholowa. Vumbi lenyewe mara nyingi hupungua kabla ya nusu saa kwisha, na mvua ikifuata, baki hapo hapo mpaka radi iondoke.